Bahari Haimaanishi "Matatizo" Kila Mahali

Nimemaliza kusahihisha rundo jingine la majibu ya ushairi, na sentensi ni ile ile karatasi baada ya karatasi: "Bahari inaashiria matatizo ya dunia na upepo unaashiria changamoto." Shairi liwe la vita, la mapenzi, la msiba au la biashara, jibu halibadiliki. Tangu Baraza la Mawaziri hapa Uganda liidhinishe mwaka 2022 Kiswahili kiwe somo la lazima shuleni, msingi na sekondari, vijana wengi zaidi wanakutana na mashairi ya pwani. Wengi wanayafikia kupitia vitabu vya mwongozo vyenye orodha za kukariri: bahari ni hiki, upepo ni kile, chombo ni vile. Orodha hizo zinaua mashairi, na nimechoka kunyamaza.

Dhana: kila taswira ina maana yake moja, ukishaikariri umemaliza

Hii ndiyo inayonikera kuliko zote, kwa sababu mwanafunzi akiishika haoni tena haja ya kulisoma shairi lenyewe.

Anza na pepo zenyewe. Kaskazi huvuma kuanzia Novemba au Desemba hadi Machi, ukitoka kaskazini-mashariki. Ndio uliokuwa ukileta majahazi kutoka Arabuni, Ghuba ya Uajemi na India. Kusi hushika zamu kuanzia Aprili hadi Septemba hivi, nao ndio uliokuwa ukiyarudisha kwao. Mwezi wa Juni na Julai kusi huchachamaa, mawimbi yakawa makubwa, vyombo vingi vikasubiri pwani mpaka upoe. Kati ya misimu hiyo miwili kuna maleleji, pepo za kigeugeu ambazo nahodha hawezi kuzitegemea. Kwa watu wa pwani, basi, upepo ulikuwa kalenda. Ulieleza nani anafika, nani anaondoka, bei ya tende itashuka lini na deni litalipwa lini.

Sasa mchukue mwanamke wa Lamu ambaye mumewe ameshuka na chombo kwenda Unguja kufanya biashara. Kaskazi ndio uliomchukua, na kusi ndio utakaomrudisha. Halafu mchukue mwanamke wa Unguja aliyeolewa na baharia wa Maskati. Kwake kaskazi ndio uliomleta mume, na kusi ukianza anajua siku za kufunga mizigo zimekaribia. Upepo ni ule ule, mwezi ni ule ule, mmoja anaimba na mwenzake analia. Orodha yako ya maana itamsaidia nani kati ya hao wawili?

Si mapenzi tu. Januari 1828 Sayyid Said bin Sultan wa Oman alifika Mombasa na manowari zake kuwakabili Wamazrui, ukoo uliotawala mji huo, na alifika kwa kaskazi, msimu ambao kwa kawaida uliwaletea watu wa mji nguo na tende. Muyaka bin Haji, aliyeishi Mombasa kati ya mwaka 1776 na 1840 hivi, alikuwa upande wa Wamazrui na alitunga mashairi kuhusu vita vyao. Kwa msikilizaji wake, tanga linalochomoza wakati wa kaskazi liliweza kuwa la mfanyabiashara au la adui. Wasiwasi huo wa kutojua ndio utamu wa tungo za namna hiyo. Anayeandika "kaskazi ni neema" amepotea, na anayeandika "kaskazi ni balaa" amepotea pia.

Wapo watakaonijibu kwa Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdalla wa Pate: si umeufananisha ulimwengu na bahari iliyochafuka? Naam, umeufananisha. Lakini soma unachokitaja ndani ya bahari hiyo. Kuna matumbawe. Matumbawe ni miamba inayopasua vyombo, na kwa mtu wa Pate matumbawe ni pia jiwe lililojengea majumba ya matajiri, majumba yale yale ambayo baadaye katika utenzi huo ni magofu yenye popo. Jiwe lililozamisha chombo ndilo lililosimamisha kuta zilizokuja kuanguka. Mwanafunzi akiandika "matatizo" hapo, yote hayo yanampita, na nikimpa alama nitakuwa namdanganya.

Hata methali haziponi. "Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani." Nimesoma tena na tena kwamba inazungumzia dhoruba. Hakuna upepo ndani yake! Omo ni mbele ya chombo, tezi ni nyuma, ngama ni pale chini tumboni yanapotuama maji ya kufutwa. Inamzungumzia mtu anayezungukazunguka na mwishowe hurudi palipo pake.

Ninachowaambia wanafunzi wangu, na sitaacha kukisema: kabla hujaandika neno "inaashiria", andika kwa penseli pembeni mwa ubeti maswali matatu. Upepo gani? Msimu gani? Anayesema amesimama wapi, ufukweni au chomboni? Ukikosa jibu la hata moja, rudia kusoma, tena kwa sauti.

Dhana: "Mwalimu, Uganda hatuna bahari, haya si yetu"

Hatuna bahari, ni kweli. Lakini tuna Nalubaale, yaani Ziwa Victoria, lenye kilomita za mraba zipatazo 68,800, na karibu nusu yake iko Uganda. Buganda ilikuwa na Mukasa, mungu wa ziwa, ambaye hekalu lake kuu lilikuwa Bubembe katika visiwa vya Ssese. Watu waliamini kwamba samaki, watoto na utulivu wa maji viko mikononi mwake, na msafiri wa ziwani alimkumbuka kabla ya kupiga kasia. Watu waliofikiri hivyo kuhusu maji hawahitaji kukopeshwa taswira na mtu yeyote.

Na upepo wa bahari ulitufikia. Wafanyabiashara wa pwani walifika katika ikulu ya Kabaka Suuna II katika miaka ya 1840, na vitambaa vilivyotoka India vilivuka bahari kwa kaskazi kabla ya kubebwa vichwani kupitia Tabora na Karagwe. Kiswahili chenyewe kilipita njia hiyo. Anayedhani kililetwa kwetu na askari peke yao hajaisoma historia ya nchi yake.

Hata hivyo nina onyo. Usiuchukue kusi na kaskazi wa jahazi ukaubandika ziwani. Ziwani kinachotawala zaidi ni saa za siku. Mchana nchi kavu hupata joto na upepo hutoka majini kuja ufukweni. Usiku nchi kavu hupoa na upepo hugeuka kutoka pande zote kwenda ziwani, ukakutana katikati, mawingu yakapanda, radi zikaanza usiku wa manane na alfajiri. Wavuvi wa mukene, dagaa wa ziwani, hutoka usiku wa giza lisilo na mwezi, wamewasha taa ili samaki waifuate nuru, yaani wanakuwa majini saa zile zile dhoruba inapojengeka. Nenda kwenye mwalo wa Ggaba au Kasenyi, wakute wakirudi asubuhi, uwaulize upepo uligeuka saa ngapi. Watakujibu vizuri kuliko kitabu chochote cha mwongozo.

Dhana: mashairi ya bahari yalitungwa na mabaharia

La. Wengi walikuwa wanazuoni, wafanyabiashara na watu wa mjini waliolitazama jahazi wakiwa barazani. Lugha ya chomboni ilikuwa lugha ya mji mzima.

Dhana: kila chombo katika shairi ni jahazi

Ngalawa ina matengo ubavuni, yaani mbao za kuizuia isipinduke, na hubeba wavuvi wachache. Jahazi hubeba shehena. Mtepe ulishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, bila msumari. Mshairi akikwambia ngalawa, anakwambia mtu maskini au mtu peke yake, kwa hiyo usimpandishe kwenye jahazi. Na kwa taarifa ya wanaodai hawana pa kuanzia, mitumbwi mikubwa ya Ssese nayo ilikuwa ya mbao zilizoshonwa.

Dhana: ukitaka kuonekana fasaha, tunga kuhusu bahari

Naletewa tungo za vijana wa Jinja na Masaka zilizojaa papa, nyangumi na kusi, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuonja maji ya chumvi. Vina vimekaa, mizani nane kwa nane imetimia, lakini ubeti hauna uhai. Kijana aliyekulia Masese anajua harufu ya mukene waliotandazwa juani, anajua mashine ya mtumbwi inavyosikika ikizimika katikati ya maji. Ukiniletea shairi la ziwa, nitakuuliza maswali yale yale matatu, ila mahali pa msimu nitakuuliza saa.