Nafasi kwenye sanamu si pengo

Wiki iliyopita pale Mwenge, Dar es Salaam, nilimsikia mteja akimbana fundi ampunguzie bei ya kinyago cha mawingu, ule mtindo wa Kimakonde wa maumbo yanayojipinda kama mawingu, kwa kuwa eti "kina mapengo mengi." Fundi alicheka tu. Mimi nilishindwa, maana mwaka huu ni mara ya tatu nasikia neno hilo likitumiwa hivyo, na safari moja lilimtoka mtu aliyekuwa anatutembeza kwenye maonyesho!

Kwa kifupi, nafasi ni ile sehemu isiyo na mti, jiwe wala chuma, ambayo mchongaji ameikusudia iwe sehemu ya kazi. Basi.

Pengo ni la jino: kitu kilikuwepo, kikang'oka. Ndiyo maana msibani tunasema marehemu ameacha pengo. Tundu nalo hutobolewa ili kitu kipite, kama la sindano. Nafasi ina ukoo mwingine kabisa. Ni ndugu wa nafsi, yote mawili ya shina moja la Kiarabu, na huko nafas ni pumzi. Mtu akikwambia "leo sina nafasi," sikiliza vizuri: anakwambia hana hata pa kuhemea. Neno la pumzi tumelifanya mahali, wakati na fursa kwa mpigo, halafu tukifika kwenye sanamu tunaliita pengo.

Kitazame kinyago chenyewe. Mpingo ni mti mzito, ukiutia majini unazama. Fundi wa Kimakonde anauchimba na kuuchimba mpaka unabaki mkanda mwembamba unaojipinda kuzunguka hewa. Kishike, kigeuze taratibu: upande huu unaona shavu na pua, ukikizungusha kidogo uso umepotea. Nusu ya uso ule haikuchongwa, jicho lako ndilo lililoujaza.

Rachel Whiteread, mchongaji wa Uingereza, alifika mbali zaidi. Mwaka 1993, mashariki mwa London, alipiga zege kwenye kuta za nyumba kwa ndani kisha kuta zenyewe zikabomolewa, ikabaki imesimama ile nafasi waliyokuwa wakiishi watu. Januari 1994 ikavunjwa.

Anish Kapoor, mchongaji mwingine wa Uingereza, naye ana kazi ambayo ni shimo sakafuni, kina chake kama mita 2.5, ndani limepakwa rangi nyeusi hata macho yanaona duara bapa. Mwaka 2018 huko Porto, Ureno, mtazamaji mmoja alitumbukia. Hapo nakubali, shimo lilikuwepo.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa Mwenge, kinyago kikiwa kimemeguka mkono, sema kina pengo na bei ishuke. Kile ulichokishika siku ile kilikuwa na nafasi, na nadhani ndiyo iliyomla fundi siku nyingi kuliko shavu na pua.