Eti mvinyo mwekundu hauwekwi kwenye friji?

Hii kauli ya "mvinyo mwekundu unanywewa kwa joto la chumbani" imezunguka miaka na miaka, na sio uongo kabisa, ila chumba chenyewe kinachosemwa ni cha nyumba za mawe za Ulaya ya zamani, kabla ya hita za nyumba nzima, ambako ndani ilikuwa nyuzi kama 16 hadi 18 tu. Sasa wewe uko Dar mwezi wa pili, sebule ina nyuzi 30 na ushee, unasema ndo joto la chumbani? Hapana bwana.

Chukua Chianti Classico, mvinyo mwekundu wa Italia, ule wa vilima vya kati ya miji ya Florence na Siena wenye alama ya jogoo mweusi. Kisheria angalau asilimia 80 lazima iwe zabibu ya Sangiovese, na hiyo ina uchachu mwingi na tanini zinazokausha ulimi kama chai ya rangi iliyokolea. Mvinyo huo ukiwa na joto, alkoholi inakuwahi puani, ile harufu ya cheri huisikii, unabaki unajiuliza watu wanasifia nini. Ukiwa baridi sana nao unakuwa mkali, harufu inajifunga.

Kwa hiyo friji kama saa moja hivi, mimina theluthi ya glasi tu, zungusha, nusa, ndo unywe, tena na pasta ya nyanya maana chachu hizo mbili zinaelewana. Ukipoa mno wala usihangaike, kumbatia glasi kwa viganja kidogo.