Vihisi vya inesha vya ziada katika upimaji kwa setilaiti

Kipokezi cha setilaiti, kikisaidiwa na kituo cha msingi (kipokezi kingine kilichowekwa mahali panapojulikana), humpa mpima ardhi mahali alipo kwa usahihi wa sentimita chache. Ila hutoa majibu mara chache tu kwa sekunde, na gari linalokibeba likipita chini ya daraja kinapoteza mawimbi ya setilaiti. Pengo hilo hujazwa na seti ya inesha, yaani vihisi vinavyopima mwendo bila kutegemea ishara ya nje: gairo 3 za kupima mzunguko na akselerometa 3 za kupima mchapuko, zinazosoma mara mia kadhaa kwa sekunde.

Ugonjwa wake ni kwamba kosa hujilimbikiza. Akselerometa inayozidisha kwa sehemu moja tu ya elfu ya mvutano wa dunia itakupotosha nusu mita baada ya sekunde 10. Baada ya sekunde 60 ni zaidi ya mita 17, maana kosa hukua kwa mraba wa muda.

Vihisi vya ziada ni kufunga seti kadhaa kwenye bamba moja gumu, mara nyingi seti ndogo za bei nafuu. Kelele isiyo na mpangilio hupungua kwa kipeuo cha pili cha idadi: seti 4 huipunguza hadi nusu. Faida kubwa zaidi, kwa maoni yetu, ni kumkamata mwongo. Ukiwa na gairo 4, moja ikiharibika utajua kwamba kuna iliyoharibika. Zikiwa 5 utajua ni ipi. Sharti ni kwamba zisiwepo 3 zenye mihimili inayolala kwenye bapa moja, ndiyo maana nyingine hufungwa mshazari.

Wastani haufuti kosa linalozipata zote kwa pamoja, kama joto au mtetemo wa injini. Bamba likilegea, pembe kati ya seti hubadilika na hesabu nzima huharibika. Saa za kipokezi na za seti nazo lazima zilingane: kwa mwendo wa mita 20 kwa sekunde, kuchelewa milisekunde 1 ni sentimita 2.

Pima pia umbali kutoka antena hadi seti, kwa milimita, katika pande zote tatu. Ukikosea sentimita 5 kwa upande, kosa hugeuka pamoja na gari. Pita barabara ileile kwenda na kurudi: mistari miwili ya ukingo wa lami uliopimwa katika safari hizo itaachana kwa sentimita 10, na hakuna kichujio cha Kalman (hesabu inayounganisha vipimo vya setilaiti na vya inesha) kitakachoificha.