Ndimu haioshi mboga: maswali na majibu kuhusu saladi ya machungwa na viungo

Joto likipanda, watu wengi hukimbilia saladi ya machungwa: vipande vilivyopoa, kitunguu kilichokatwa chembamba, bizari nyembamba, pilipili kidogo, majani ya nanaa na ndimu iliyokamuliwa juu. Ni chakula kizuri, na wagonjwa wangu nawahimiza wakile. Tatizo langu ni sentensi moja ninayoisikia kila ninapomuuliza mtu anayeharisha alivyoandaa saladi yake: "Niliweka ndimu, kwa hiyo vijidudu vilishakufa." Maswali yaliyo hapa chini ni yale ninayoulizwa mara kwa mara. Sentensi hiyo itajitokeza tena na tena, nami nitaijibu kila itakapojitokeza.

Swali: Saladi hii ina faida gani mwilini?

Chungwa moja la wastani lina takriban miligramu 70 za vitamini C, na mtu mzima anahitaji kati ya 75 na 90 kwa siku. Vitamini hiyo huusaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage na mboga za majani, kwa hiyo kula saladi pamoja na mlo wako. Tena kula tunda lenyewe ni bora kuliko kunywa juisi yake, kwa sababu nyuzinyuzi hubaki kwenye nyama ya tunda.

Swali: Kwani ndimu haiui vijidudu?

Haiui vya kutosha kukulinda. Najua imani hii imetoka wapi: uchachu hudhoofisha baadhi ya bakteria, na vile vya kipindupindu haviupendi kabisa. Lakini bakteria kama Salmonella na aina kali za E. koli huvumilia uchachu kuliko watu wanavyodhani, na mayai ya minyoo yana ganda gumu lisilojali ndimu hata kidogo. Mwaka 1999 juisi ya machungwa ambayo haikuchemshwa iliwaambukiza Salmonella mamia ya watu nchini Marekani na Kanada. Hiyo ilikuwa juisi tupu, chachu kuanzia juu hadi chini. Sasa wewe umekamua nusu ndimu kwenye bakuli zima, ikachanganyika na maji ya kitunguu na ya machungwa, na wala haikufika kwenye mikunjo ya majani. Itaua nini?

Ndimu ni kiungo. Haioshi.

Swali: Mimi humenya, ganda silili. Nalo nilioshe?

Ndiyo, na ulioshe kabla ya kisu kuligusa. Fanya jaribio hili nyumbani: chukua chungwa linaloonekana safi, lowesha kitambaa cheupe, lisugue mara tano, kisha tazama kitambaa. Uchafu utakaouona umetoka kwenye vile vitundu vidogo vya ganda, na kisu kinapopita hapo huuburuta hadi ndani ya tunda. Mkono ulioshika ganda ndio huohuo unaopanga vipande kwenye sahani.

Osha tunda chini ya maji yanayotiririka ukilisugua kwa mikono au kwa brashi safi, kisha likaushe. Usitumie sabuni, kwa sababu hupenya kwenye vitundu vya ganda na kubaki. Sabuni ni ya mikono yako, na uisugue kwa sekunde 20, si kuipitisha tu. Majani ya nanaa na giligilani yachambue moja moja, uyaoshe na kubadilisha maji hadi usione tena mchanga chini ya bakuli. Kama maji yako si salama kunywa, suuza mara ya mwisho kwa maji yaliyochemshwa na kupoa. Na ubao uliokatia nyama mbichi au kuku usiukaribie mpaka uoshwe vizuri kwa sabuni na maji ya moto. Usiniambie kwamba ndimu itamaliza kazi.

Swali: Basi pilipili na viungo vikali vitasaidia?

Hapana. Ukali huuhisi ulimi wako, bakteria hawaujali. Salmonella inaweza kukaa hai kwenye viungo vikavu kwa miezi mingi. Kati ya 2009 na 2010 watu wengi waliugua nchini Marekani kwa kula soseji kavu zilizopakwa pilipili iliyokuwa na bakteria hao. Kwenye mchuzi viungo hupikwa, kwenye saladi hunyunyizwa vikiwa vibichi. Ndiyo maana mimi hupenda kukaanga bizari nzima kwenye kikaango kikavu hadi inukie, kisha naitwanga. Moto huo hauwezi kuua kila kitu, ila hupunguza, na ladha inakuwa bora zaidi. Viungo vihifadhi vikavu, na usichote kwa kijiko chenye maji.

Swali: Sasa niitengeneze vipi?

Kwa watu wanne, machungwa manne na machenza mawili yanatosha. Baada ya kuosha, kata juu na chini, simamisha tunda, kisha shusha kisu ukifuata mviringo wake ili ganda na utando mweupe viondoke pamoja. Utando ukibaki mwingi, saladi huwa chungu. Kata vipande vya duara, toa mbegu. Kitunguu chekundu nusu, chembamba sana, kiloweke kwenye maji baridi dakika kumi ili ukali upungue. Panga kwenye sahani, nyunyiza nusu kijiko cha chai cha bizari nyembamba uliyoikaanga na kuitwanga, pilipili manga, pilipili kali kiasi unachopenda, na chumvi ya kubana kwa vidole viwili tu. Wenye presha wasiongeze nyingine mezani. Kamua ndimu, pasua nanaa kwa mkono juu yake, weka kwenye friji nusu saa.

Usiongeze sukari. Kama machungwa yako ni machachu, ongeza chenza.

Swali: Nimeiacha mezani tangu mchana, lakini ina ndimu. Jioni inafaa?

Haifai. Matunda na majani yaliyokatwa yasikae nje ya friji zaidi ya saa 2, na joto likizidi nyuzi 32, saa 1 tu. Friji iwe na nyuzi 4 au chini yake. Kunusa hakusaidii, maana bakteria wengi wanaowaugulisha watu hawabadilishi harufu wala ladha, na ndimu yenyewe hufunika harufu ambayo ingekustua.

Swali: Nina vidonda vya tumbo. Nina presha. Meno yangu yanauma nikila vichachu.

Kwa kifupi. Ndimu na pilipili haviletei mtu vidonda vya tumbo. Vingi hutokana na bakteria aitwaye Helicobacter pylori na dawa za maumivu kama ibuprofen, diclofenac na aspirini. Lakini vinaweza kuchokoza kidonda kilichopo, kwa hiyo vikikuumiza, acha. Ukiona choo cheusi kama lami au ukatapika damu, nenda hospitali saa hiyohiyo.

Wanaotumia dawa za presha au za kolesteroli waulize mfamasia kuhusu balungi kabla ya kulitia kwenye saladi. Tunda moja linaweza kuongeza kiwango cha baadhi ya dawa kwenye damu, kwa mfano felodipine na simvastatin. Kutenganisha masaa hakutatui, kwa sababu athari yake hudumu zaidi ya siku moja. Chungwa tamu la kawaida halina shida hiyo. Meno yasafishe baada ya nusu saa au zaidi, si papo hapo, maana uchachu hulainisha gamba la jino. Na ukimaliza kukamua ndimu, nawa kabla ya kutoka juani, la sivyo ngozi inaweza kubabuka.

Swali: Nimeanza kuharisha. Ninywe maji ya ndimu yaue kilichobaki?

Hapana. Hapana tena.

Kuharisha ni kupata choo laini sana au cha maji mara tatu au zaidi ndani ya saa 24. Kinachoua ni maji na chumvi vinavyotoka mwilini, na ndimu hairudishi kimojawapo. Nilimpokea mtoto wa mwaka mmoja na nusu aliyekuja na chupa ya maji ya ndimu mkononi mwa baba yake. "Daktari, tumempa haya tangu juzi," baba akasema, tena kwa fahari, kwa kuwa aliamini anamtibu. Macho ya mtoto yalikuwa yamezama. Nilipoibana ngozi ya tumbo kwa vidole viwili na kuiachia, mkunjo ulibaki umesimama kabla ya kurudi polepole. Alilia bila machozi. Tulimrudishia maji kwa dripu na alipona, lakini zile siku mbili alizipotezea kwenye chupa ile.

Mpe anayeharisha ORS (unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji) tangu choo cha kwanza cha maji. Pakiti ya lita moja ichanganywe na lita moja kamili ya maji safi, si glasi moja. Huna pakiti? Lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari vilivyosawazishwa juu na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Kila baada ya choo, mtoto chini ya miaka miwili apate mililita 50 hadi 100, mkubwa zaidi ya hapo 100 hadi 200, kidogo kidogo kwa kijiko au kikombe. Akitapika, subiri dakika kumi, endelea taratibu. Yaliyobaki baada ya saa 24 yamwage. Ziwa la mama lisikatizwe, na kituo cha afya kitampa zinki ya siku 10 hadi 14. Soda na juisi tamu ziepuke, sukari yake nyingi huzidisha kuharisha.

Swali: Nisubiri siku mbili nione kwanza?

Kwa mtoto mdogo, mjamzito, mzee au mwenye ugonjwa sugu, usisubiri. Kwa yeyote, ondoka nyumbani ukiona damu kwenye choo, kutapika kila anachokunywa, macho kuzama, kulegea au usingizi usio wa kawaida, homa kali, au kutokojoa kwa saa sita na zaidi. Mtoto anayekataa kunywa hahitaji ndimu, anahitaji kituo cha afya sasa. Endelea kumpa ORS njiani.

Swali: Nikifika niseme nini?

Sema kuharisha kulianza saa ngapi, choo kimetoka mara ngapi, kina damu au hapana, na alikojoa lini mara ya mwisho. Sema alichokula na saa ngapi, na nani mwingine aliyekula sahani hiyo anaumwa. Taja dawa zote alizomeza, za dukani na za kienyeji. Na kama mlimpa maji ya ndimu kwa siku mbili, sema hivyo bila kuona haya, kwa sababu hapo ndipo nitajua amekosa maji ya kutosha kwa muda gani.