Hondohondo wa Usambara: jike si mfungwa

Katika misitu ya Usambara Mashariki, hasa Amani, hondohondo mwenye mashavu ya fedha husikika kabla hajaonekana, kwa sababu mbawa zake huvuma kwa nguvu akiruka. Ni ndege mkubwa mweusi, mwenye weupe kiunoni, chini ya tumbo na kwenye ncha za mkia. Anajulikana sana, na mengi yanayosemwa juu yake si kweli.

Linalorudiwa zaidi ni kwamba dume humfungia jike ndani ya mti asimtoroke. Simulizi hiyo inaniuma, maana inageuza kazi ya wawili kuwa ukatili. Jike huingia mwenyewe kwenye tundu, na ndiye anayeziba mlango kutoka ndani. Dume humeza udongo, humletea kwa vidonge, na jike huukandika kwa mdomo hadi ubaki ufa mwembamba tu. Ukuta huo huwakinga na wanyama wanaokula mayai na makinda, na jike akitaka kutoka, mdomo wa kuubomoa anao. Kwa miezi mitatu hadi minne yeye na kinda hulishwa na dume, ambaye hujaza matunda kooni, akatua mlangoni, akayatoa moja moja na kuyapitisha ufani. Katika kiota kimoja ilikadiriwa kuwa dume alileta matunda kama 24,000 kwa safari zipatazo 1,600.

Pembe iliyo juu ya mdomo nayo hudhaniwa kuwa mfupa mzito. La hasha, ndani ina uwazi na ni nyepesi. Ya dume ni kubwa, ya rangi ya maziwa. Ya jike ni ndogo. Hondohondo mwenye pembe iliyojaa anaishi Asia, na huwindwa kwa ajili ya pembe hiyo.

Wapo pia wanaomwona kama mharibifu wa matunda. Kumbe huyameza mazima, kisha mbegu nyingi huzitapika au kuzitoa na kinyesi mbali na mti uliozaa. Mikuyu mingi huota kwa kazi ya ndege kama yeye.

Dhana inayomdhuru kweli ni hii: kwamba miti mikubwa ikikatwa, miche itatosha kumrudisha. Hondohondo hawezi kutoboa shina kama kigong'ota. Anahitaji mti mkongwe, mnene, wenye tundu la kumtosha jike na kinda, na mche uliopandwa mwaka huu utachukua miongo mingi kabla ya kuwa na tundu kama hilo.