Usawa wa kidijitali sio kila mtu kuwa na simu

Wiki iliyopita nilikuwa kwenye kikao cha wazazi, viti vya plastiki chini ya mwembe, jua la saa saba la Dar mnalijua wenyewe, mwalimu anatueleza kwamba vijana wakimaliza kidato cha sita maombi ya chuo na ya mkopo yote ni mtandaoni, hivyo tujipange mapema. Mama mmoja akanyoosha mkono, akauliza sasa sisi ambao hayo mambo hatuyajui tunafanyaje. Mwalimu hajafungua mdomo, mzee mmoja aliyekaa jirani yangu, mtu namheshimu kabisa, akasimama akasema mama usihangaike, siku hizi kuna usawa wa kidijitali, mnara upo pale, simu kila mtu anayo, bando lenyewe buku tu. Makofi. Yule mama akakaa.

Nami nikakaa kimya, adabu tu, kanizidi miaka ishirini. Lakini ni mara ya tatu mwezi huu nasikia hilo neno linatumika hivo hivo, mara kwenye redio, mara kwa jamaa yangu anayejiita mtaalamu wa mambo ya mtandao, kwa hiyo leo naandika.

Maana yake ni fupi, tuimalize. Usawa wa kidijitali ni hali ambayo mtu, popote alipo na vyovyote alivyo, ana uwezo wa teknolojia unaomtosha kushiriki maisha ya jamii yake, kusoma, kuomba kazi, kupata huduma, kusema lake na likasikika. Marekani wameiandika karibu na hivo kwenye sheria yao ya mwaka 2021. Angalia neno uwezo. Hapakutajwa mnara wala simu. Mtandao, kifaa, hela ya kuvilipia na ujuzi wa kuvitumia ni vitu vya kukufikisha kwenye uwezo, kimoja kikikosekana vingine vinakaa kama pambo. Basi.

Sasa tuje kwenye kinachoniuma, hilo neno usawa lenyewe.

Kuna watu wakisikia usawa wanaona sare za shule, yaani wote mmepewa kitu kilekile basi mko sawa. Sawa ni neno la Kiarabu, limekuja na maana ya kulingana, lakini Waswahili hatukuliacha likae tu, tumelifanyia kazi. Tunasema usawa wa bahari. Tunasema maji yamefika usawa wa kiuno. Pale hakuna mtu aliyepewa kitu, ni kimo, ni mahali kitu kilipofikia. Hata mtaani vyuma vilipokaza watu walianza kusema "kwa usawa huu nani ananunua laptopu", wakimaanisha hali ya maisha ilipofika. Kwa hiyo usawa kwenye midomo ya watu wa Dar wenyewe ni pale ulipo, haijawahi kuwa ulichogawiwa.

Alafu chukua kusawazisha. Simba wako nyuma, mbili moja, dakika ya themanini wanapata goli, mtangazaji anapiga kelele wamesawazishaaa. Nani kapata goli? Aliye nyuma peke yake. Ungempa kila mmoja goli moja kwa kuogopa kuonekana una upendeleo, matokeo yangekuwa tatu mbili na mashabiki wa Simba wangekung'olea viti. Kila mtu uwanjani analijua hilo, hata mtoto, ila ukimtoa mtu uwanjani ukamweka kwenye semina anasahau, anakwambia usawa ni kugawa mojamoja.

Aliyenifundisha vizuri zaidi ni fundi wangu wa Goba. Nilinunua kiwanja cha mteremko, wanaopajua Goba wanajua mteremko wake, tukaanza msingi. Fundi akanipa hesabu ya tofali, upande wa juu kozi tatu, yaani mistari mitatu ya tofali, upande wa chini kozi saba. Nikajua naibiwa. Nikamwambia fundi, nyumba moja, ukuta mmoja, kwanini huku zile nyingi hivi? Akanitazama kwa huruma, akachukua ule mpira wa maji, mpira mweupe unaoonyesha ndani, akanishikisha ncha moja kule juu yeye akashuka na nyingine, maji yakatulia kimo kimoja huku na huku, akaweka alama kwenye kigingi cha kwake na mimi kwenye cha kwangu. "Bosi," akasema, "nikikuwekea tatu tatu utalala unabingirika." Usawa ni ile alama ya maji. Kozi ndo zinatofautiana ili alama ifikiwe.

Kwa hiyo wale wanaosema neno usawa halifai hapa, eti maana yake ni kugawa sawasawa, mimi sikubaliani nao, neno linafaa sana ila walisome kifundi wasilisome kama mtu anayegawa pilau. Wengine wanapendekeza tuseme haki ya kidijitali, shida ni kwamba haki za kidijitali tayari ni kitu kingine, mambo ya faragha yako, taarifa zako, uhuru wako wa kusema mtandaoni. Wengine wanasema uwiano. Uwiano sio baya hata kidogo, limetoka kwenye kuwiana, na humo ndani kuna kuwia, yaani kumdai mtu, ndo maana watu wakitoa shukrani kanisani wanasema nawiwa, nina deni. Napenda kwamba hilo neno linauliza nani anamdai nani. Lakini uwiano umeshachukuliwa na walimu wa hesabu, tuwaachie.

Na kuna wanaochanganya usawa na ujumuishi. Ujumuishi wa kidijitali ni kazi, ni ule ujenzi, kufundisha, kupunguza bei, kupeleka kompyuta. Usawa ni hali mnayoifikia kazi ikishafanyika. Huwezi kuniambia "jumamosi tunafanya usawa wa kidijitali kuanzia saa tatu, chai ipo".

Nikijiuliza kwanini sisi hasa tunakosea hapa, nadhani ni ving'amuzi. Mkumbuke sisi neno dijitali tulilijuaje. Usiku wa tarehe 31 Desemba 2012 walizima analojia Dar, asubuhi ambaye hana king'amuzi anaangalia mchele kwenye tivii. Kuanzia hapo dijitali ikawa kitu unakwenda dukani unalipia unarudi nacho, ambaye hajalipia anaitwa analojia, mpaka leo tunatukanana hivo. Neno limetoka kwenye Kilatini, maana yake kidole, kwa sababu watu walihesabia vidole, na sisi tukaja kulitimiza kabisa kwa kusajili laini kwa alama za vidole. Kwa hiyo mtu akisikia usawa wa kidijitali, kichwani kinakuja kifaa. Kila mtu ana king'amuzi, kila mtu ana simu, tumemaliza.

Hatujamaliza. Mpwa wangu mwaka juzi aliomba mkopo wa chuo. Simu anayo, kioo kimepasuka kuanzia kona lakini inafanya kazi, na Mbagala network ipo ya kutosha. Fomu ikamshinda kwenye simu, cheti cha kuzaliwa kinatakiwa kihakikiwe kwanza alafu kiskaniwe, akaenda steshenari. Kijana wa steshenari alikuwa mwepesi kweli, akamfungulia akaunti, akaskani, akapandisha, akachaji kila ukurasa na kila hatua, akamprintia, kwaheri. Wiki mbili baadae kuna marekebisho yanatakiwa, mpwa anataka kuingia, hana neno la siri. Hana hata barua pepe yenyewe, kwa sababu kijana alitumia barua pepe aliyoitengeneza mwenyewe kwa wateja. Tukarudi steshenari, kijana kaenda kwao Kilwa kwenye msiba, simu haipatikani. Siku nne mtoto analia chumbani na simu yake mkononi, ina bando.

Sasa huyo kwa hesabu ya mzee wangu wa kikaoni ana usawa wa kidijitali. Mnara upo, simu ipo, buku ipo.

Hapa ndo maktaba inapoingia, na najua nikitaja maktaba watu wanaona vumbi na vijana wa kidato cha nne wanaotafuta pa kujisomea kwenye feni. Lakini lisikilize hilo neno nalo. Maktaba, kitabu, katibu, katiba, mkataba, ukoo mmoja wote wa kuandika, na ndani ya maktaba kuna mtu anaitwa mkutubi. Neno zuri ambalo hatulitumii. Steshenari ina mashine, ina mtandao, ina mtu anayejua, ungesema inatosha, ila yule mtu anauza kurasa na dakika, ukijua mwenyewe yeye amepoteza mteja. Simlaumu, ndo biashara yake na ana kodi ya fremu. Mkutubi kazi yake ni wewe uondoke unajua. Barua pepe ni yako, neno la siri umelitunga wewe, umeandika kwenye daftari lako.

Na sio wazo geni kwetu. Bodi ya huduma za maktaba iliundwa kwa sheria mwaka 1963, Maktaba Kuu ya Dar pale barabara ya Bibi Titi ikafunguliwa 1967, wakati ambao watu wazima wengi nchini walikuwa hawajui kusoma, na 1970 ukatangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Hakuna aliyesema wakati ule kwamba vitabu vipo madukani kwa hiyo kuna usawa wa kusoma. Walijua kwamba kuna asiyeweza kukinunua na kuna anayeweza kukinunua asikisome, wakaanzisha vyote viwili, vitabu vya kuazima na madarasa ya ngumbaru, ya kuwafundisha watu wazima kusoma. Tamko la UNESCO na shirika la maktaba duniani, lile la 1994 walilolifanyia marekebisho 2022, linasema maktaba ya umma ni ya watu wote na huduma zake kimsingi ziwe bure. Intaneti ni kitabu cha leo, sioni utata.

Marekani wamelifanyia kazi hili muda mrefu, na wamelifanya kifundi. Kutokana na sheria yao ya mawasiliano ya 1996 kuna mpango wa kupunguzia shule na maktaba bei ya intaneti, na punguzo halifanani, linaanzia asilimia 20 mpaka 90 kutegemea umaskini wa eneo na kama ni kijijini. Kozi tatu huku, kozi saba kule. Baadhi ya maktaba zao zinaazimisha hadi vifaa vidogo vya waifai, unatoka nacho kama unavyotoka na kitabu, tarehe ya kurudisha imeandikwa. Na brodibendi, yaani intaneti ya kasi, kwao sio "network inasoma", ina kipimo, tangu 2024 ni megabiti 100 kwa sekunde za kushusha na 20 za kupandisha, kabla ya hapo ilikuwa 25 na 3. Nalitaja hili kwa sababu huku mtu akiona alama ya 4G kwenye simu anasema ana brodibendi, wakati bando lenyewe linakata saa sita usiku akiwa katikati ya fomu.

Ila nao hawajamaliza ugomvi wa neno, msidhani ni sisi tu. Ile sheria ya 2021 ilitenga dola bilioni 2.75 kwa ajili ya usawa wa kidijitali, 2025 Rais Trump akasema ni ubaguzi na ni kinyume cha katiba, fedha zikasimamishwa. Hoja yake ukiishusha Goba ni ileile niliyompa fundi, kwanini huku zile nyingi hivi.

Mpwa alipata mkopo, msihuzunike, kijana alirudi toka Kilwa siku mbili kabla ya dirisha kufungwa na alituomba radhi sana, hata hela ya marekebisho hakuchukua.

Na wewe mzee wangu, najua utaisoma hii kwa sababu kwenye grupu la wazazi unasoma kila kitu, sikusimama siku ile na sikupingi kuhusu mnara, mnara kweli upo na tuliusubiri. Siku nyingine sema hivo hivo, mnara umefika. Ila umwache mwalimu amjibu yule mama.