Je, wajua kwa nini ukurasa mmoja wa vibonzo huuzwa ghali kuliko maelfu ya nakala zake?

Mwaka 1984 toleo la nane la Secret Wars, jarida la vibonzo la kampuni ya Marvel, liliuzwa senti 75 nchini Marekani. Januari 2022 ukurasa wa 25 wa toleo hilo, yaani karatasi yenyewe aliyoichora Mike Zeck, uliuzwa mnadani kwa dola milioni 3.36. Mchoro ni uleule: Spider-Man analipata vazi lake jeusi. Tena ukurasa wa senti 75 una rangi, na huo wa mamilioni ni wino mweusi tu juu ya karatasi nyeupe. Mnunuzi alilipia nini hasa?

Jibu linaanzia kwenye utengenezaji. Kwa miongo mingi kurasa za majarida ya Marekani zilichorwa kwenye karatasi nene na ngumu, kubwa kuliko jarida lenyewe. Mtu mmoja alichora kwa penseli, mwingine akaandika kwa mkono maneno ya viputo, yaani yale wanayosema wahusika, wa tatu akapitisha wino juu ya penseli. Kisha karatasi ilipigwa picha kwa kamera kubwa ya kiwandani, na picha hiyo ikapunguzwa ukubwa. Rangi zilipangwa kwenye nakala ya pembeni, ndiyo maana karatasi ya asili haina rangi. Picha ikishapigwa, mwenye kampuni hakuwa na shida tena na karatasi ile. Kwake ilibaki ganda la muwa.

Lakini karatasi hiyo imebeba mambo ambayo kamera haikuyaona. Kuna mistari ya penseli ya samawati hafifu: filamu ya kiwandani iliisoma rangi hiyo kama nyeupe, hivyo mchoraji aliitumia kupanga nyuso na mikono bila haja ya kuifuta baadaye. Kuna rangi nyeupe iliyopakwa kuficha kosa, na ukiielekeza karatasi kwenye mwanga unaliona kosa lenyewe chini yake. Kuna vipande vilivyokatwa na kubandikwa upya kwa gundi, pale mhariri alipotaka sura nyingine. Na kwenye kurasa nyingi za Jack Kirby, mchoraji wa Marvel, za miaka ya 1960, pembezoni kumejaa mwandiko wake wa penseli. Marvel ya wakati ule mchoraji alitangulia na maneno yakafuata, basi Kirby alimweleza mwandishi kinachotokea kisanduku baada ya kisanduku, yaani picha moja moja ya ukurasa. Ukiyasoma maelezo hayo unamwona mtu akifikiri, saa ileile anapofikiri. Jarida lililochapishwa halikupi hilo, na kwangu mimi hii ndiyo sababu ya kwanza ya kuitaka karatasi ya asili. Bei zilikuja baadaye.

Zilikuja kwa sababu ya uchache, na historia ya uchache huo inauma. Kampuni nyingi zilizihesabu kurasa hizi kuwa takataka. Zilikatwakatwa, zikatupwa, zikachomwa, nyingine zikagawiwa wageni waliopita ofisini. William Gaines, mwenye kampuni ya vibonzo ya EC, alikuwa mtu wa pekee: alizitunza karibu zote, na hiyo ndiyo sababu kurasa za EC za miaka ya 1950 zipo mpaka leo wakati za majirani zake nyingi zimeteketea. Wachoraji walianza kurudishiwa kazi zao kama desturi katika miaka ya 1970. Kirby alivutana na Marvel kwa miaka kadhaa, na mwaka 1987 akapewa takriban kurasa 2,000, wakati anakadiriwa kuwa aliwachorea zaidi ya 10,000. Wengi wa kizazi chake walizikuta kurasa zao zikiuzwa na watu wengine, na wao hawakuambulia kitu. Kwa hiyo ukitaka kununua ukurasa wa zamani, kuuliza umepitia mikono ya nani ni heshima kwa aliyeuchora, mbali na kuwa kinga ya mfuko wako.

Kurudishwa kwa kurasa ndiko kulikoyageuza matamasha ya vibonzo kuwa soko. Mikusanyiko ya wapenzi wa vibonzo ilikuwapo New York tangu 1964, na ya San Diego ilianza 1970. Mchoraji aliyekuwa na rundo la karatasi nyumbani sasa alikuwa na mahali pa kuzipeleka na watu wa kuzitamani. Wengi walikuwa wakilipwa kidogo kwa kila ukurasa na hawakuwa na pensheni. Meza ya tamashani ikawa pato la uzeeni. Ndiyo maana naona ni afadhali kununua kwa mchoraji mwenyewe kila inapowezekana, hata kama kwa wakala ungepata punguzo.

Ndani ya ukumbi utakutana na wauzaji wa aina mbili. Wa kwanza ni wachoraji, waliopangwa kwenye safu yao, kila mmoja na meza yake na albamu moja au mbili zenye mifuko ya plastiki. Bei huandikwa kwenye kibandiko pembeni mwa mfuko. Wa pili ni mawakala na wafanyabiashara, wenye albamu nyingi za wachoraji wengi, wakiwamo waliokwisha kufariki. Adabu ni zilezile kwa wote: mikono mikavu, kinywaji mbali na meza, usiutoe ukurasa mfukoni kabla ya kuomba, usipige picha bila ruhusa. Kwa mfanyabiashara kupatana bei ni jambo la kawaida, hasa ukichukua kurasa mbili tatu au ukirudi siku ya mwisho, saa anayofikiria uzito wa mizigo ya kurudi nayo. Kwa mchoraji uliza kwa upole mara moja, ukikataliwa usirudie. Na siku ya kwanza asubuhi ndiyo ya kuchagua. Anayetaka ukurasa fulani akingoja punguzo la jioni ya mwisho ataukuta umeondoka.

Lipo jambo moja la kupendeza ambalo mgeni hulipita bila kulijua. Kwa kuwa mchora penseli na mtia wino hugawana kurasa za toleo moja, unaweza kukuta ukurasa wa saba kwenye meza hii na wa nane meza ya tatu kutoka hapo. Kuna watu wametumia miaka kuzikutanisha kurasa zinazofuatana za tukio moja.

Bei hupangwa kwa ngazi ambazo kila muuzaji anazijua. Juu kabisa ni jalada. Chini yake ni ukurasa uliojazwa na picha moja kubwa, kisha kurasa za visanduku. Ndani ya ngazi hizo, shujaa akiwa amevaa vazi lake bei inapanda, akiwa na nguo za nyumbani inashuka, adui maarufu akitokea inapanda tena. Mara ya kwanza ya mhusika kuonekana ndiyo inayovunja hesabu zote. Ukurasa wa mwisho wa toleo la 180 la The Incredible Hulk, la mwaka 1974, ndipo Wolverine alipotokea kwa mara ya kwanza, katika kisanduku kimoja tu. Herb Trimpe, aliyeuchora, alimpa kijana mmoja bure mwaka 1983. Mwaka 2014 uliuzwa kwa dola 657,250, na mwenye nao akaamua sehemu kubwa ya fedha iende kwa shirika linalowasaidia wachoraji wa vibonzo wenye shida.

Ngazi hizi hupima mhusika kuliko mchoro. Ukurasa wa watu wawili wanaozungumza mezani, wenye vivuli vilivyopangwa kwa ustadi na mikono inayosema kuliko midomo, unaweza kukaa kwenye albamu miaka mitano bila mnunuzi. Anayeanza kukusanya na aanzie hapo. Atapata kazi bora ya mchoraji anayempenda kwa sehemu ndogo ya bei ya ukurasa wa ngumi na mateke, na atakuwa amejifunza kutazama kabla ya kujifunza kushindana.

Njia nyingine ni kuagiza mchoro mpya. Marekani mchoraji hufungua orodha ya maagizo, mara nyingi hata kabla ya tamasha, nayo hujaa upesi. Unasema mhusika unayemtaka, unalipa kulingana na ukubwa na idadi ya watu ndani ya picha, kisha unarudi baada ya siku moja au mbili kuchukua. Mpe picha za kuangalia, halafu mwache achore. Maelekezo yakizidi mkono hukakamaa. Ufaransa, kwenye tamasha la Angoulême lililoanza 1974, desturi ni tofauti: unapanga foleni na kitabu chako, na mchoraji anakuchorea picha ndogo kwenye ukurasa wa mwanzo pamoja na jina lako, bila malipo. Jina hilo lina kazi. Linaifanya zawadi iwe ya mtu, na iwe vigumu kuuzwa kesho yake. Japani hali ni nyingine kabisa, kwani wachoraji wa manga kwa kawaida hubaki na karatasi zao, na kuzikuta sokoni ni nadra.

Kompyuta nayo imebadilisha maana ya neno asili. Tangu katikati ya miaka ya 1990 maneno ya viputo yamezidi kuwekwa kwa kompyuta, hivyo kurasa nyingi za sasa ni picha zisizo na maneno. Kisha mchora penseli na mtia wino wakaanza kufanya kazi wakiwa mabara mawili: penseli inaskaniwa na kutumwa, mtia wino anaichapa kwa samawati hafifu kwenye karatasi mpya na kupitisha wino wake juu. Hapo kuna karatasi mbili za asili za ukurasa mmoja, moja ya penseli na moja ya wino, na muuzaji mwaminifu atakuambia unashika ipi. Wachoraji wengine huchora kwenye skrini tangu mwanzo hadi mwisho, na karatasi haipo kabisa. Baadhi yao huchapa nakala moja tu, wakaitia sahihi na kuiuza kama ya pekee. Mimi sioni ubaya, mradi mnunuzi ameelezwa. Ila hapo utakosa rangi nyeupe, gundi na mabaki ya penseli, yaani kile nilichokitaja mwanzo.

Mabaki hayohayo ndiyo yanayomuumbua mghushi. Anayenakili ukurasa juu ya meza ya mwanga, yaani kioo kinachomulikwa kwa chini, tayari anajua kila mstari unakwenda wapi, kwa hiyo hakosei, hafuti, habadilishi mawazo, na mistari yake inakuwa na uzito mmoja uliopooza. Vipimo navyo husema. Hadi karibu mwaka 1967 majarida ya Marekani yalichorwa kwa ukubwa wa karibu mara mbili ya uchapishaji, eneo la mchoro likiwa takriban inchi 12.5 kwa 18.5. Baadaye karatasi ikapungua kuwa inchi 11 kwa 17. Ukionyeshwa ukurasa wa jarida la mwaka 1963 kwenye karatasi hiyo ndogo, au wa mwaka 1985 usio na hata neno moja la mkono ilhali jaridani una maneno, mrudishie mwenyewe na umshukuru. Linganisha pia na jarida lililochapishwa, mstari kwa mstari. Simu yako inatosha kwa kazi hiyo ukiwa umesimama palepale mezani.

Ukishanunua, karatasi ni yako lakini hakimiliki si yako. Unaweza kuitundika, kuiazimisha makumbusho au kuiuza. Kuichapa kwenye fulana na kuzipeleka sokoni huwezi. Adui wa nyumbani ni jua: wino mweusi wa kaboni huvumilia, ila maka peni huchujuka haraka, na gundi ya zamani hugeuka kahawia na kuachia vipande. Weka nyuma ya kioo kinachozuia mionzi, na karatasi ya fremu isiwe na asidi.

Mwaka 2008 mtu ambaye hakutaka jina lake lijulikane aliipa Maktaba ya Bunge la Marekani kurasa zote 24 alizozichora Steve Ditko kwa toleo la 15 la jarida la Amazing Fantasy, la mwaka 1962, ambamo Spider-Man alianza. Angeweza kuziuza. Sasa mtafiti yeyote anaweza kuomba kuziona jijini Washington. Kwenye mojawapo kuna ujumbe wa mkono wa Stan Lee, mwandishi na mhariri wa Marvel, kwa Ditko, akimwomba alibadilishe gari moja liwe la kufunikwa juu, mikono ya abiria isining'inie nje, ili isionekane kwamba vijana wale wanaendesha ovyo. Aliyelinunua jarida lile mwaka 1962 aliliona gari tu.